Picha ni moja, mbona madaktari hawapatani?

Jumapili hii nina kisa cha nyumbani kwangu, na nikishakimaliza nitakuomba utafute kalamu na karatasi, maana kuna hesabu kidogo. Usiikimbie. Ni hesabu ya kujumlisha na kutoa tu, na huenda siku moja ikakufaa wewe au mzazi wako.

Miaka kadhaa iliyopita shangazi yangu alikuja Nairobi kutoka Kitui kukaa nasi. Alikuwa na kikohozi kisichokoma. Tulimpeleka hospitali moja hapa mjini, akapigwa eksirei ya kifua, na ripoti iliyoandamana na picha ikasema hakuna cha kutisha, ni kovu la zamani tu. Tukamshukuru Mungu. Akapewa dawa ya kikohozi, akarudi nyumbani kulala chumba kimoja na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka minne.

Wiki tano baadaye kikohozi kilikuwa pale pale, na nguo zilikuwa zimeanza kumpwaya. Tukaenda kwingine na bahasha ile ile. Daktari wa pili aliiweka picha kwenye taa, akaitazama kwa muda, kisha akatuonyesha kwa kidole kivuli hafifu sehemu ya juu ya pafu la kulia. "Mama," akamwambia shangazi, "mimi sina hakika kuwa hili ni kovu. Nataka makohozi yako yapimwe leo." Yalipopimwa, ikawa ni kifua kikuu.

Unaweza kukisia yaliyofuata nyumbani. Ndugu yangu mdogo alisema yule daktari wa kwanza ni bandia, hajaona mlango wa chuo. Mke wangu hakusema neno. Alikuwa akimtazama mtoto. Nami nakiri kwamba usiku huo niliketi nikaandika barua ya kurasa tatu, kali kama pilipili, nikiitaka hospitali ile imfukuze mtu kazi.

Aliyenituliza ni shangazi mwenyewe. "Mwanangu," akasema, "mimi asubuhi husoma Biblia bila miwani, na jioni siioni hata herufi moja. Macho ni yale yale. Hebu uliza kwanza."

Basi nikauliza. Niliyoyapata ndiyo ninayokuletea leo.

Madaktari watano wa mwaka 1947

Kumbe jambo hili lina umri mkubwa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Marekani ilikuwa ikiwapima watu wengi kwa eksirei ili kukisaka kifua kikuu. Kulikuwa na namna mbalimbali za kupiga picha hizo, nyingine kwa filamu kubwa na nyingine kwa filamu ndogo ya bei nafuu. Wakubwa wakataka kujua: ni namna ipi iliyo bora?

Watu 1,256 walipigwa picha kwa namna nne, kisha wasomaji watano wakazisoma zote, kila mmoja peke yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1947, nayo yaliwashangaza wengi. Tofauti kati ya msomaji na msomaji ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya filamu na filamu. Tena msomaji mmoja alipopewa picha zile zile azisome mara ya pili, alijipinga mwenyewe katika baadhi yake. Shangazi yangu hakuwa amekosea!

Mwanatakwimu aliyeshiriki katika kazi hiyo, Jacob Yerushalmy, aliandika mwaka huo huo kwamba haitoshi kuuliza kama kipimo ni kizuri. Lazima uulize maswali mawili. Kwanza, kati ya walio wagonjwa kweli, kipimo kinawanasa wangapi? Pili, kati ya walio wazima kweli, kinawaachilia wangapi waende zao kwa amani? Mwaka 1949, daktari wa picha wa San Francisco aitwaye Henry Garland aliwaandikia wenzake waziwazi juu ya makosa haya, ili pasiwe na wa kujidanganya kwamba ni ya vibarua na wanafunzi tu.

Mtego wa asilimia

Sasa ile karatasi. Tuseme wanawake 1,000 wasio na dalili yoyote wamepigwa picha ya matiti, na kati yao watano wana saratani. Aje msomaji mvivu, asiyefungua hata bahasha moja, aandike "mzima" kwenye ripoti zote. Amepata ngapi? Amepata 995 kati ya 1,000, yaani asilimia 99.5! Mwanafunzi akileta alama hizo nyumbani utamchinjia kuku. Lakini wale wanawake watano, ambao kwa ajili yao kazi yote ilifanywa, wamerudishwa nyumbani na ugonjwa wao.

Ndiyo maana mtu akikuambia kuwa mashine fulani "ni sahihi kwa asilimia 99," muulize maswali mawili ya Yerushalmy. Asipoweza kuyajibu yote mawili, funga mkoba wako.

Kuna mtego wa pili. Wasomaji wawili wamepewa picha 100, na kila mmoja ameona wagonjwa 10. Wamekubaliana katika picha 90. Si wanapatana sana hao? Ngoja. Hebu tuwaweke watu wawili waliofungwa macho, kila mmoja akipiga muhuri wa "mgonjwa" kwenye picha kumi apendavyo. Kwa bahati tupu watakubaliana takriban picha 82, kwa sababu wote wawili hupiga muhuri wa "mzima" karibu kila mahali. Kwa hiyo nafasi iliyobaki ya kuonyesha ujuzi ni picha 18 tu juu ya hizo 82, na wasomaji wetu wamepata 8 kati ya hizo 18. Gawanya: 0.44. Kipimo hicho kinaitwa kapa, nacho kilitolewa na Jacob Cohen mwaka 1960. Sufuri maana yake wanapatana kwa bahati tu. Moja maana yake wanapatana kabisa.

Na ukiwatazama wasomaji hao kwa makini utaona kwamba kati ya picha kumi alizozitilia shaka kila mmoja, ni tano tu walizoziona wote wawili. Asilimia 90 ilikuwa imetuficha hilo.

Usidhani haya ni mambo ya zamani tu. Mwaka 1994 ulichapishwa uchunguzi wa madaktari 10 wa Marekani waliosoma picha za matiti za wanawake 150, ambao hali zao zilikuwa zimekwisha kujulikana. Kwa wanawake waliokuwa na saratani, daktari mmoja alitaka asilimia 74 wachunguzwe zaidi mara moja, na mwingine asilimia 96. Kwa wasio na saratani, tofauti ilitoka asilimia 11 hadi 65. Fikiria wewe ni mzima na hatima ya usiku wako, yaani kulala au kukesha ukilia, inategemea umeangukia dawati la nani.

Mwalimu mkali na mwalimu mpole

Hapa wanafunzi watanielewa upesi. Insha yako ya alama 20 ikipelekwa kwa mwalimu mkali utapata 9, na kwa mwalimu mpole utapata 14. Je, mwalimu mpole ndiye asiyejua Kiswahili? La hasha. Huenda wote wawili wakiwekewa insha mbili mbele yao watakubaliana ipi ni bora. Wanachotofautiana ni mahali pa kuchora mstari wa kupita na kuanguka.

Madaktari wa picha ni hivyo hivyo. Yuko anayesema "huyu achunguzwe" kwa shaka ndogo. Huyo atawanasa wagonjwa wengi, lakini atawatisha na wazima wengi. Na yuko anayengoja mpaka aone wazi. Huyo hatawasumbua wazima, lakini wagonjwa wengine watampita. Ukiwahukumu kwa swali moja tu la Yerushalmy, utamwonea mmoja wao.

Dawa ya tatizo hili ilitoka mahali usipopatarajia: kwenye rada. Mtu wa rada alitazama kioo na kuamua kama alama aliyoiona ni ndege ya adui au ni mvurugiko tu. Akiwa mwepesi wa kupiga kengele, atawaamsha wanajeshi bure kila usiku. Akiwa mzito, bomu litaanguka. Wataalamu waliunda hesabu ya kutenganisha mambo hayo mawili, yaani ukali wa macho na wepesi wa kupiga kengele. Kuanzia miaka ya 1960 Lee Lusted aliileta hesabu hiyo katika usomaji wa eksirei.

Namna yenyewe ni hii. Badala ya kumwambia msomaji aseme "mgonjwa" au "mzima" tu, anaambiwa ataje kiasi cha shaka yake, tuseme kutoka 1 mpaka 5. Moja ni "nina hakika ni mzima", na tano ni "nina hakika ni mgonjwa". Kisha mwenye hesabu huuliza: tukichora mstari hapa, angenasa wagonjwa wangapi na angewasumbua wazima wangapi? Na tukiuchora pale? Majibu yote huwekwa kwenye mchoro mmoja, yakatoa mstari uliopinda kama upinde. Kadiri upinde unavyojivuta kuelekea pembe ya juu kushoto, ndivyo macho yalivyo makali.

Eneo lililo chini ya upinde huo lina maana nzuri sana, nayo ilielezwa na Hanley na McNeil mwaka 1982. Chukua picha moja ya mgonjwa na moja ya mzima, umpe msomaji. Eneo hilo ni uwezekano wa kwamba ataitilia shaka zaidi ile ya mgonjwa. Nusu, yaani 0.5, ni sawa na kurusha shilingi. Moja kamili ni macho yasiyokosea. Mkali na mpole wanaweza kuwa na eneo lile lile, na hapo tutajua kwamba wamepishana msimamo tu, hawakupishana ujuzi.

Kwa nini wasomaji wawe wengi

Sasa tuseme imekuja mashine mpya ya kupiga picha, na hospitali inataka kujua kama inaishinda ya zamani. Ukimpa daktari mmoja picha 500, umejifunza habari za daktari huyo mmoja. Huenda yeye ameizoea mashine mpya na wenzake hawajaizoea. Ukiwapa madaktari kumi, lakini kila mmoja picha zake, huenda mmoja amepata picha rahisi na mwenzake amepata ngumu.

Njia iliyo bora mara nyingi ni kwamba wasomaji wote wasome picha zote, za mashine zote mbili. Kati ya kusoma mara ya kwanza na ya pili hupitishwa wiki kadhaa, na mpangilio huchanganywa, ili mtu asikumbuke kuwa "huyu nilimwona majuzi." Na lazima ukweli ujulikane kwa njia nyingine: kwa kupima makohozi, kwa kipande cha nyama kilichopelekwa maabara, au kwa kumfuatilia mtu kwa muda mrefu. Picha haiwezi kuwa shahidi na hakimu kwa wakati mmoja.

Madaktari 10 wakisoma picha 100 utapata usomaji 1,000. Lakini jihadhari! Hao si mashahidi 1,000. Majirani kumi wakiona ajali kupitia dirisha moja lenye vumbi, vumbi lile lile litawadanganya wote kumi. Picha ngumu huwasumbua wasomaji wote kwa pamoja, na daktari mkali huubeba ukali wake katika picha zote. Anayehesabu kana kwamba kila usomaji unajitegemea atajiona ana ushahidi mwingi kuliko alionao, na atatangaza ushindi wa mashine ambayo haijashinda.

Mwaka 1992 Dorfman, Berbaum na Metz walitoa njia ya kuyatenganisha hayo. Unapiga hesabu kwa picha zote, kisha unaondoa picha moja, unapiga upya, unairudisha, unaondoa nyingine, mpaka zote zimalizike. Kwa kutazama jinsi jibu linavyoyumba kila picha inapotoka, unajua mzigo uliobebwa na kila picha kwa kila msomaji. Kisha unagawa tofauti zote katika mafungu: hii imeletwa na mashine, hii imeletwa na wagonjwa, hii imeletwa na wasomaji. Mwaka 1995 Obuchowski na Rockette walitoa njia nyingine ya kufikia shabaha hiyo hiyo.

Faida yake ni nini kwako wewe unayesoma gazeti hili kwenye matatu? Ni kwamba jibu linalopatikana halihusu madaktari kumi wale tu. Linakuambia juu ya daktari utakayemkuta kesho, na juu ya picha yako, ambayo haikuwemo. Na kama wasomaji wametofautiana sana, hesabu itakwambia wazi kuwa kuongeza picha hakutasaidia kitu, ongeza wasomaji.

Kipimo cha upinde kimekwisha kutumika katika mambo makubwa. Mwaka 2005 yalitoka matokeo ya uchunguzi wa wanawake 49,528 wa Marekani na Kanada, waliopigwa picha za matiti kwa filamu na kwa mashine ya dijitali. Kwa jumla, njia hizo mbili zilikuwa sawa. Lakini kwa wanawake walio chini ya miaka 50, kwa wenye matiti yenye tishu nzito, na kwa wale ambao hedhi haijakoma, dijitali ilishinda. Bila hesabu nzuri, wauzaji wangesema imeshinda kwa wote, na wabishi wangesema haijashinda kwa yeyote.

Siku hizi msomaji anaweza asiwe mtu kabisa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zitumike kusoma eksirei za kifua katika kusaka kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Kompyuta hiyo nayo haina budi kuketi kwenye mtihani ule ule: iwekwe kando ya wasomaji binadamu, picha zile zile, upinde ule ule. Haichoki jioni, lakini nayo ina pa kukosea.

Wewe na mimi tufanye nini?

Kwanza, tunza picha zako. Kovu la zamani hutambulika vizuri zaidi ikiwapo picha ya zamani ya kulinganisha nayo. Usiigeuze bahasha kuwa kifuniko cha meza.

Pili, mweleze daktari yote: umekohoa tangu lini, umekonda, umetokwa na jasho usiku, umeishi na nani. Msomaji asiyeambiwa kitu anatafuta njia gizani.

Tatu, ukiambiwa huna kitu na dalili zikabaki, rudi. Hapo ndipo sisi tulipokosea. Tuliichukua ripoti kama hukumu ya mahakama kuu, tukakaa nayo wiki tano.

Nne, kuomba daktari wa pili aitazame picha si tusi. Katika nchi nyingi za Ulaya, picha za uchunguzi wa saratani ya matiti husomwa na wawili kwa kawaida. Lakini usizunguke mji mzima ukitafuta atakayekuambia unachotaka kusikia. Wawili wakitofautiana, swali la kuuliza si "nani mkubwa?" Uliza, "ni kipimo gani kitakachotuamulia?"

Kuhusu ile barua yangu ya kurasa tatu, sikuituma. Nilikuwa nimeelewa kwamba picha moja haiwezi kuniambia kama daktari yule ni mbovu, kama vile insha moja haiwezi kuniambia kama mwalimu hajui kusahihisha. Lakini pia nilielewa kuwa kunyamaza ni kosa, kwa maana msomaji asiyeambiwa alipokosea hana njia ya kujirekebisha. Nikaandika nyingine ya nusu ukurasa, nikaambatanisha nakala ya majibu ya makohozi, nikaomba apewe yule aliyeisoma picha. Nilijibiwa sentensi mbili: kwamba wamepokea, na kwamba picha ile imetazamwa upya na wasomaji wao wote wakiwa pamoja. Nilitosheka.

Binti yangu alichunguzwa, akapewa dawa za kinga, akazinywa kwa makelele mengi mpaka zikaisha. Shangazi alimeza zake miezi sita bila kuruka hata siku moja, akapona, akarudi Kitui. Bahasha yake ameiweka chini ya godoro, na kila aendapo zahanati, hata kwa jino, huibeba kwapani.

Hadi Jumapili ijayo, tukijaaliwa.